Marekebisho ya Vikao vya Bunge la Kentucky (2022)

Marekebisho Namba 1 yalikuwa pendekezo la kubadili katiba ya jimbo la Kentucky, Marekani, ili wabunge waweze kujiitia kikao maalumu bila kumsubiri gavana. Wapiga kura waliyakataa Novemba 2022.

Katiba ya Kentucky ya mwaka 1891 iliandikwa na watu wasiowaamini sana wanasiasa. Bunge lilipewa siku 60 tu katika kila miaka miwili. Mwaka 2000 wananchi waliridhia vikao vya kila mwaka: siku 30 katika mwaka witiri, mwisho 30 Machi, na siku 60 katika mwaka shufwa, mwisho 15 Aprili. Siku hizo huhesabiwa kwa ubahili. Kwa kawaida wabunge hupitisha miswada mikubwa mapema, kisha huenda mapumziko ya siku kumi hivi wakimwachia gavana asaini au atumie kura ya turufu, huku wakijiwekea akiba ya siku chache za kurudi Frankfort, mji mkuu wa jimbo, kuitengua. Muswada uliochelewa hauna mtetezi: gavana akiukataa wakati bunge limeshafungwa, umekufa.

Bunge likishafungwa, mwenye uwezo wa kuliita tena ni gavana peke yake, na ajenda huipanga yeye. Hata hivyo, kuita ni kitu kimoja na kutiiwa ni kingine. Desemba 2018 Gavana Matt Bevin aliwaita wabunge ghafla kwa suala la pensheni. Wabunge, wengi wao wa chama chake cha Republican, walifunga kikao siku ya pili bila kupitisha chochote.

Korona ndiyo iliyochochea mageuzi. Gavana Andy Beshear, wa chama cha Democratic, alitoa amri za dharura huku wabunge wakiwa majumbani. Mwaka 2021 Spika wa Baraza la Wawakilishi, David Osborne, aliwasilisha muswada wa marekebisho: yeye na Rais wa Seneti waweze kuitisha vikao vya hadi siku 12 za ziada kwa mwaka, na tarehe za mwisho zisogezwe iwapo wajumbe watatu kati ya kila watano katika kila baraza wataafiki.

Hoja ilikuwa nzito, lakini ilifikishwa kwa wapiga kura katika maandishi marefu ya kisheria yasiyovutia mtu kusoma, nao wakaikataa. Siku hiyohiyo Arkansas nayo ilikataa pendekezo la aina hiyo, ilhali Idaho ililikubali lake kwa tofauti ndogo. Huko Kentucky, uwezo wa kuitisha kikao maalumu ulibaki kwa gavana.