Pumzi, Sarufi na Sauti ya Mwigizaji

Kati ya "atakuja" na "hatakuja" kuna pumzi tu. Sauti /h/ hutokea hewa inapopita kwenye glota bila nyuzisauti kutetema. Ni konsonanti dhaifu mno, na hapa ndiyo iliyobebeshwa ukanushi wote. Mjumbe akiingia jukwaani anahema, akatangaza kwamba mfalme hatakuja, safu ya nyuma yaweza kusikia kinyume, na tamthilia ikapinda hapohapo.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mafunzo ya sauti kwa waigizaji wa Kiswahili yaanzie kwenye sarufi, si kwenye lafudhi. Mara nyingi mwanafunzi hupokelewa kwa kusahihishwa /r/ na /l/ zake, kana kwamba kosa lake ni kwao alikotoka. Marekani walishapita njia hiyo: Edith Skinner, katika Speak with Distinction (1942), aliwafunza waigizaji lafudhi moja iliyosafishwa. Kristin Linklater, katika Freeing the Natural Voice (1976), aliianza kazi kwingine kabisa: kulegeza mwili, kuachia pumzi, kumrudishia mwigizaji sauti yake mwenyewe. Namuunga mkono Linklater, lakini mazoezi yaliyoundwa kwa Kiingereza hayatutoshi. Kiingereza hudhoofisha irabu zisizo na mkazo. Kiswahili hakina ruhusa hiyo. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kisha hufuata irabu moja zaidi, pumzi ikiwa imekwisha. Irabu hiyo ndiyo hutenganisha "waingie" na "waingia". Ikimezwa, haijulikani tena nani anaamuru na nani anasimulia.

Chukua hotuba ya Antonio mbele ya maiti ya Kaizari, katika Julius Caesar ya Shakespeare, kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1963. Mwigizaji aiseme akiwa jukwaani. Mwenzake asimame kwenye ukuta wa mwisho wa ukumbi, aandike vitenzi tu, kama alivyovisikia. Orodha hiyo ilinganishwe na matini. Pengo litakaloonekana halizibwi kwa kupiga kelele: kelele hukaza koo na kukuza irabu zenye mkazo, huku /h/ ikizidi kufifia. Huzibwa kwa kupanga mahali pa kuvuta pumzi, kiwambo kikishuka na mbavu zikitanuka, ili hewa ibaki hadi silabi ya mwisho.

Wapo ambao lugha zao za kwanza hazina /h/. Hao wafundishwe kuitamka, kwa sababu maana inaitegemea. /R/ zao na mahadhi yao yaachwe. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein aweza kuigizwa kwa lafudhi ya Kigoma au ya Mombasa bila kupungukiwa chochote.

Wanaotegemea kipaza sauti nao hawajaepuka kazi hii. Chombo hukuza kilichotamkwa, pamoja na mkwaruzo wa koo lililochoka. Irabu iliyomezwa hakiirudishi.