Shangazi wa Kisarawe, mama mdogo wa Kibaha na historia ya ugonjwa wa kaa

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, samahanini sana. Nilikuwa Kisarawe kwenye arobaini ya shangazi yangu, dada yake baba. Nimerudi hapa Mlimani jana jioni, na Jumatatu natakiwa kukabidhi insha ya historia. Nilishachagua kuandika juu ya wamisionari wa Maneromango. Nimeghairi. Naandika historia ya kilichomuua shangazi: saratani ya matiti.

Nianze na neno lenyewe. Saratani tumelipata kwa Waarabu, na kwao ni kaa, yule yule wa baharini. Kansa imetoka Kiingereza, nacho kilichukua Kilatini, huko nako ni kaa. Wagiriki wa zama za Hippocrates, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, ndio walioita uvimbe huu karkinos, yaani kaa. Inaelezwa kwamba mishipa iliyotuna kuzunguka uvimbe iliwakumbusha miguu yake.

Ugonjwa wenyewe ni mkongwe kuliko jina. Kuna andiko la kitabibu la Misri, lililonakiliwa kama mwaka 1600 kabla ya Kristo, linaloeleza uvimbe wa titi na kusema hauna dawa. Baadaye Galen, tabibu wa enzi za Warumi, akafundisha kwamba unaletwa na nyongo nyeusi kuzidi mwilini. Watu wakaamini hivyo zaidi ya miaka elfu moja!

Mwaka 1882 Mmarekani William Halsted alianza upasuaji mkubwa: anaondoa titi lote, misuli ya kifua chini yake na tezi za kwapani. Aliamini ukikata zaidi unaponya zaidi. Madaktari wakafuata njia hiyo kwa karibu miaka 80. Wanawake wengi walibaki na kifua kilichobonyea na mkono uliovimba.

Katika miaka ya 1970 Umberto Veronesi kule Milan na Bernard Fisher kule Marekani waliamua kupima imani hiyo. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walitolewa titi lote, wengine waliondolewa uvimbe na sehemu tu ya titi kisha wakapigwa mionzi. Mwaka 2002 timu zote mbili zilitoa matokeo ya miaka 20. Kwa wenye uvimbe mdogo, waliobaki na titi waliishi sawasawa na wale waliokatwa lote.

Sasa turudi Kisarawe. Shangazi alikuwa na donge kwa karibu mwaka mzima na hakumwambia mtu. Kwa nini? Kwanza lilikuwa haliumi. Si unajua watu wetu, kisichouma si ugonjwa. Pili, aliogopa kukatwa ziwa. Sisi Wazaramo ziwa ni jambo zito: hata mwana hiti, kile kinyago anachopewa mwali akiwa ndani, hakina mikono wala miguu, lakini maziwa yamechongwa. Ukoo wenyewe tunauhesabu kwa mama. Alipokuja kwenda zahanati, donge lilishakuwa kidonda. Akaambiwa ni jipu, akapewa vidonge. Miezi mingine ikapita.

Nilipomwuliza kwa nini hakusema mapema, alinijibu, "Mwanangu, ningesema wangenikata." Siku ile nilimwona ni mkaidi. Leo, baada ya kusoma habari za Halsted, naona woga wake ulikuwa na asili yake. Ila alichokosa ni ile sehemu ya pili ya historia: ukiwahi, kisu kinakuwa kidogo.

Mama mdogo wangu yuko Kibaha, jirani na Tumbi, hospitali iliyokua kutokana na ule mradi wa nchi za Nordic ulioanza 1963 na kukabidhiwa serikali 1970. Miaka sita iliyopita alishika kitu kama punje ya harage akiwa anaoga. Wiki hiyo hiyo akaenda. Wakachukua kinyama wakapima, akapewa rufaa jijini, akafanyiwa upasuaji, kisha akapigwa mionzi Ocean Road. Leo ndiye aliyekuja kutupikia pilau la arobaini.

Hiyo Ocean Road nayo ni historia tosha. Wajerumani waliimaliza 1897 kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwa Sewa Haji. Sheria ya mwaka 1996 ikaifanya Taasisi ya Saratani, na kwa miaka mingi ndipo palikuwa mahali pekee nchini pa kupata mionzi. Ila ukubwa wa taasisi haumsaidii anayefika kachelewa. Tathmini ya mwaka 2017 ilionyesha takriban asilimia 80 ya wagonjwa wa saratani ya matiti Tanzania hugundulika wakiwa hatua ya tatu au ya nne.

Basi bwana, usiku wa arobaini binamu yangu, binti wa marehemu, alinivuta nyuma ya jiko. "Mdogo wangu, na mimi nina kitu kwapani. Hakiumi." Nilikosa la kusema.

Madonge mengi ya titi si saratani, nilimwambia hivyo. Na wengi wanaougua hawana ndugu aliyeugua. Lakini mama akiwa aliugua, hatari ya binti inapanda. Mwaka 1990 Mary-Claire King alionyesha kuna jeni inayorithishwa katika baadhi ya koo. Kwa hiyo hatusubiri kiume. Na nyie kina kaka msicheke: kati ya wagonjwa 100, mmoja au chini ya hapo ni mwanaume.

Jumatatu asubuhi binamu anakuja Kibaha, mama mdogo atatupokea, tunakwenda Tumbi wote watatu. Insha nitaikabidhi Jumanne. Mwalimu akinikata maksi za kuchelewa, sawa tu, hizo zinafidika.

Wewe unayesoma, leo ukioga jikague. Ukikuta donge, ngozi iliyobonyea au chuchu inayotoa damu, nenda kapime. Na umpigie shangazi yako umuulize.

Ni hayo tu kwa leo. Alamsiki.