Lau Ahadi ya 1862 Ingetimizwa

Hapa Arlington ilisimama Bird's Fort, ngome ambapo tarehe 29 Septemba 1843 Jamhuri ya Texas ilitia saini mkataba wa amani na makabila ya wenyeji. Miaka miwili baadaye jamhuri yenyewe ikaunganishwa na Marekani, ingawa Uingereza na Ufaransa zilikwisha kuitambua. Sisi wajukuu wa pwani tuishio katika ardhi hii tunaijua hadithi hiyo kwa jina jingine.

Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, wanawe waligombania urithi. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza huko India, akaamua: Thuwaini abaki na Muscat, Majid abaki na Unguja, na Unguja iilipe Muscat riali 40,000 kila mwaka. Tarehe 10 Machi 1862 Uingereza na Ufaransa, mahasimu wa siku nyingi, zikaahidi kuuheshimu uhuru wa masultani wote wawili.

Lau ahadi hiyo ingetimizwa, ingekuwaje? Siam yatupa mfano: ilisalia huru kwa kuwa Mwingereza na Mfaransa kila mmoja alichelea mwenzake asiinyakue. Huenda Sayyid Barghash naye angebaki na bandari zake, kuanzia Lamu hadi Kilwa, chini ya bendera moja.

Lakini Ujerumani haikuwamo katika ahadi ile. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alikusanya mikataba bara, na Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri. Barghash aliwategemea Waingereza. Wao, wakimhitaji Bismarck katika mambo ya Misri, wakamshauri akubali. Mwaka 1886 akaachiwa ukanda wa maili 10. Mwaka 1890 Uingereza ikaitwaa Unguja chini ya himaya yake, ikaipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland, na Ufaransa ikaridhika kwa kutambuliwa himaya yake Madagascar. Wahenga husema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Safari hii tembo walipatana, na nyasi zikaumia vilevile.

Hata hivyo, tusiililie dola hiyo kwa jicho moja. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa, na soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza haohao. Uhuru wa Sultani haukuwa uhuru wa kila aliyeishi chini yake, na katika koo zetu wamo wazao wa pande zote mbili.

Basi mnapoandika shajara za nasaba, andikeni pia mamlaka. Ndugu wawili wa baba mmoja, mmoja wa Tanga na mwingine wa Mombasa, mwaka 1900 walikuwa chini ya Mjerumani na Mwingereza. Nyaraka zao zimetawanyika kama walivyotawanywa wao. Anayetafuta upande mmoja tu wa mpaka huo atapata nusu ya familia, kisha adhani ni yote.