Karagosi na Mchezeshaji Wake: Kutoka Kibanda cha Cairo hadi Uwanja wa Charleville

Neno karagosi, au kikaragosi kama wengi wetu tunavyopenda kulitamka, limeishi katika Kiswahili kwa maana mbili. Ya kwanza ni ya mchezo: mwanasesere anayechezeshwa mbele ya watazamaji. Ya pili ni ya tusi: mtu asiye na hiari yake, asemaye ayatakayo mwingine. Katika siasa za miaka ya 1960 na 1970 maana hii ya pili ilivuma sana, ikifuatana na ndugu yake kibaraka, na kiongozi aliyeitwa hivyo alijua kuwa ametukanwa. Lakini lipo jambo ambalo wanalugha hatujalitazama vya kutosha. Lugha yetu ilimpokea mwanasesere pamoja na jina lake, ila haikumpokea mtu aliyemshika. Mtu huyo hana jina la urithi. Imetubidi tumwundie kutokana na kitenzi, tukamwita mchezeshaji. Katika makala haya tunakusudia kumtafuta, na mahali pazuri pa kumtafutia ni katika tamasha la kimataifa la vikaragosi lililoanzishwa mwaka 1961 huko Charleville, mji wa kaskazini-mashariki ya Ufaransa, ambako wasanii wa mataifa mengi huonyesha kazi zao mbele ya wazazi na watoto wao.

Tuanze na neno lenyewe. Karagöz ni Kituruki, maana yake "jicho jeusi", na ni jina la mhusika mkuu wa mchezo wa vivuli uliostawi katika dola ya Uthmaniya, hasa nyakati za usiku wa mwezi wa Ramadhani. Mwenzake ni Hacivat, mtu wa adabu na maneno ya kitabuni, yaliyojaa Kiarabu na Kiajemi. Karagöz hana elimu hiyo. Kila alisikiapo neno zito hulipotoa, akalitia maana ya mtaani, na hapo ndipo kicheko kinapozuka. Kwa hivyo huu ulikuwa mchezo wa lugha kabla ya kuwa mchezo wa ngozi na taa, na si ajabu kwamba jina lake lilisafiri mbali kuliko vivuli vyake.

Huko Misri jina hilo limo katika umbo la Aragoz, ingawa wako wanaolihusisha na Qaraqush, waziri wa Sultani Salahuddin. Hadithi tamu, lakini ushahidi wa Kituruki ni mzito zaidi. Lahaja ya Cairo huigeuza qaf kuwa kikwamizo cha kooni tu, ndiyo maana Wamisri husema Aragoz. Kiswahili kimeibakiza k. Mimi naona kwamba neno letu halikutoka moja kwa moja katika vinywa vya watu wa Cairo, bali lilipita katika Kiarabu kilichoihifadhi konsonanti hiyo.

Aragoz si kivuli. Ni kikaragosi cha kuvaliwa mkononi, na mchezeshaji wake husimama ndani ya kibanda kinachobebeka, asionekane. Nje husimama msaidizi anayejibizana na kikaragosi na kuwachochea watazamaji. Sauti ya Aragoz si ya binadamu wa kawaida. Ni kali, ya kukwaruza, na hutokana na kidude kidogo ambacho mchezeshaji hukiweka ndani ya kinywa. Kidude hicho huitwa amana.

Hapa Mswahili hana budi kusimama kidogo. Amana kwetu, kama ilivyo katika Kiarabu, ni kitu ulichokabidhiwa kwa kuaminiwa, ambacho utadaiwa siku moja. Nchi nyingine nazo zina vidude vya jinsi hii: Pulcinella wa Napoli, Petrushka wa Urusi na Punch wa Uingereza wote husema kwa sauti iliyobadilishwa. Sidhani kwamba jambo hili lilifanywa ili kuchekesha watoto tu. Sauti ikishabadilishwa, maneno hayawi tena ya mtu fulani anayeweza kukamatwa. Miongoni mwa mambo yanayorudiwa sana katika michezo ya Aragoz ni kupambana na ufisadi. Mtu aliyejificha, kwa sauti isiyo yake, kupitia mdomo wa mti, aliweza kumsema mkubwa katikati ya sherehe ya watu wote. Kikaragosi huyu, basi, ni kinyume kabisa cha yule wa matusi yetu ya kisiasa.

Mchezo wa Karagöz uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa kimapokeo mwaka 2009. Aragoz aliingizwa mwaka 2018, lakini katika orodha nyingine, ile ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Sababu zilizotolewa ni pamoja na sheria za mikusanyiko ya watu, kukua kwa misimamo mikali ya kidini, vijana kutovutiwa, na uzee wa wachezeshaji waliobaki. Zamani walihama kutoka sherehe moja hadi nyingine. Baadaye wengi walitulia Cairo, na hadithi nyingi walizokuwa wakizichezesha zimekwisha kupotea.

Sasa tuvuke bahari. Charleville, mji ulioungana na Mézières mwaka 1966, haukuwa na sifa kubwa isipokuwa kuwa mahali alipozaliwa mshairi Rimbaud. Jacques Félix, mwenyeji wa mji huo, alianzisha pamoja na wenzake kikundi cha vikaragosi katika miaka ya 1940, na ndiye aliyeanzisha tamasha. Hakuanza katika ombwe. Chama cha kimataifa cha wachezeshaji, UNIMA, kilikuwa kimeundwa Prague mwaka 1929, kikavurugwa na vita, kikafufuliwa mwaka 1957. Na mwaka 1958 Bucharest iliandaa tamasha lake la kimataifa. Kwa muda mrefu Charleville ilikutanisha wasanii kila baada ya miaka mitatu. Tangu 2009 ni kila baada ya miaka miwili. Mwaka 1981 iliundwa taasisi ya kimataifa ya sanaa hiyo, ambayo Félix aliianzisha pamoja na Margareta Niculescu wa Rumania, na mwaka 1987 ikafunguliwa shule ya kuwafundisha wachezeshaji. Wakati wa tamasha michezo huwa katika kumbi na hata barabarani, pamoja na Place Ducale, uwanja uliojengwa katika karne ya 17.

Wasomi wengi wa tamthilia waliudharau mchezo huu kwa kuwa ni wa familia. Nionavyo mimi dharau hiyo iliufaa: penye watoto, udadisi wa wakubwa hulegea.

La maana zaidi kwa hoja yetu ni kwamba katika karne ya 20 mchezeshaji alianza kutoka mafichoni. Wajapani walikuwa wamemtoa zamani: katika bunraku watu watatu humwendesha kikaragosi mmoja mbele ya macho ya hadhira. Katika Ulaya, Sergei Obraztsov wa Moscow alichezesha mikono mitupu, kidole kikibeba kitufe kuwa kichwa. Mfaransa Philippe Genty, aliyeizunguka dunia katika miaka ya 1960 akitazama vikaragosi vya mataifa, alitunga onyesho fupi lisilosahaulika. Pierrot, mwanasesere wa nyuzi, anagundua kwamba amefungwa. Anazifuata nyuzi kwa macho, anamwona aliyezishika, kisha anazikata moja baada ya moja. Anaanguka. Katika Kiswahili chetu cha siasa kibaraka akatazaye kamba amekombolewa. Genty anaonyesha rundo la nguo sakafuni. Msomaji aliyeishi miaka ya baada ya uhuru atalifasiri jambo hili apendavyo.

Afrika haikuja Charleville kujifunza tu. Yaya Coulibaly wa Mali, aliyesoma katika taasisi hiyo, alikuwa na mapokeo yake tayari, ya sogo bò, ambamo wanyama wakubwa wa mbao na nguo hutoka kucheza uwanjani na mchezeshaji hufunikwa gubigubi chini yao. Mwaka 2004 kikundi chake kilishirikiana na Handspring cha Afrika Kusini katika mchezo wa Tall Horse, juu ya twiga ambaye Muhammad Ali wa Misri alimpelekea Mfalme Charles wa Kumi wa Ufaransa, na ambaye mwaka 1827 alitembezwa kutoka Marseille hadi Paris. Mafundi hao wa Handspring ndio waliotengeneza farasi wa War Horse, London, 2007: watu watatu wanaonekana dhahiri, na baada ya dakika chache mtazamaji haoni ila farasi.

Nchini Kenya, vikaragosi vilitumika katika miaka ya 1990 kuelimisha watu juu ya UKIMWI. Kisha mwaka 2009 ukaja XYZ Show, kipindi cha televisheni cha mchora vibonzo Gado, kwa mfano wa Les Guignols cha Ufaransa, ambacho nacho kilichukua jina la Guignol, kikaragosi cha Laurent Mourguet, mng'oa meno wa Lyon wa mwanzo wa karne ya 19. Hapo maana zetu mbili zilikutana: mwanasiasa ambaye labda aliwahi kumwita mpinzani wake kikaragosi alijiona yeye mwenyewe amefinyangwa, akisemeshwa na mtu asiyeonekana.

Mtunga kamusi atakayelirudia neno hili angefanya vyema kuigawa maana ya pili, kwa sababu mwanasesere wa Cairo hakuwahi kusema ayatakayo mkubwa. Na chini ya amana, baada ya mali na dhamana, ipo nafasi ya kuandika pia: kidude cha kubadilisha sauti, kinywani mwa mchezeshaji.