Utani wa Rongai Ulianza 1973

Utani wa Rongai wote tunaujua. Eti ukihamia huko unahitaji paspoti. Tunacheka, halafu mvua inanyesha, nauli inapanda maradufu na watu wanapiga foleni tao hadi usiku. Wasee, hiyo shida haikutoka mbinguni. Iko na historia.

Mabasi ya KBS yalianza Nairobi mwaka wa 1934. Jiji likakua, mabasi hayakufika kila mtaa. Wenye magari makuukuu wakaanza kubeba watu kwa senti kumi tatu, na hapo ndipo jina matatu lilitoka. Zilikuwa haramu, polisi wakizikamata.

Mwaka wa 1973 Mzee Jomo Kenyatta akatangaza kwamba matatu zinaweza kubeba abiria bila leseni maalum. Ilisaidia sana. Mtu mwenye gari moja alijiajiri, na mitaa iliyosahaulika ikapata usafiri. Lakini cheki kilichokosekana: gari la mwisho litoke saa ngapi? Nauli iwe ngapi? Stegi ijengwe wapi? Serikali ilitoa ruhusa, ikaachia wenye magari hayo mengine yote.

Tangu hapo ni kujaribu tu. Nyayo Bus ilianza 1986, na kabla miaka ya 90 iishe ilikuwa imekufa. Sheria za Michuki za 2004 zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa njano. Zilikuwa poa, lakini zilipanga gari, hazikupanga safari.

2012 tukafunguliwa Thika Road mpya na stesheni ya Syokimau. Barabara ikafuatwa na ploti. Kati ya sensa ya 2009 na ya 2019, Kiambu ilitoka watu milioni 1.6 hadi milioni 2.4. Kajiado, kaunti ya Rongai na Kitengela, ilitoka kama laki 7 hadi milioni 1.1. 2018 Thika Road ikapakwa mstari mwekundu wa mabasi ya BRT. Mstari tuliuona. Mabasi hatujayaona.

Halafu kuna mpaka. Katiba ya 2010 iliweka usafiri wa umma wa barabarani chini ya kaunti. Sasa mtu analala Kajiado, anafanya kazi Nairobi, na safari yake haina mwenyewe. NaMATA iliundwa 2017 kuunganisha Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Uliza watu kumi kwa stegi kama wanaijua.

Sisemi mathree zitolewe. Bila hizo Ruiru na Kitengela zingekwama kesho asubuhi. Nasema sacco zipewe mkataba: zilipwe kwa safari zilizofanywa, hata gari likiwa nusu tupu saa nne usiku, na nauli ibandikwe mlangoni, mvua au jua. Kondaa hupandisha nauli mvua ikinyesha kwa sababu tajiri anataka hesabu yake ya siku na gari limekwama kwa jam. Badilisha hiyo hesabu, tabia nayo itabadilika.

Wewe unaishi wapi, na gari lenu la mwisho linatoka tao saa ngapi? Kama mtaa mzima hakuna anayejua, ni kwa sababu tangu 1973 hakuna aliyepewa kazi ya kupanga.