Behewa la Kima na walioshika mlango

Wadau, mimi ni mtoto wa Karatu, na kwetu reli haijawahi kufika. Ile iliyoanzia Tanga ilifika Arusha mwaka 1929, ikaishia hapo. Ndiyo maana nilipopata safari ya Nairobi nilimwomba mwenyeji wangu anipeleke Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Nilitaka kuona behewa moja tu.

Mwezi Juni 1900 behewa hilo lilisimamishwa kwenye reli ya pembeni katika stesheni ya Kima, kwenye njia ya Mombasa kwenda Nairobi. Ndani walikuwamo Wazungu watatu: Charles Ryall, ofisa wa polisi wa Reli ya Uganda, na wenzake Huebner na Parenti. Walikuwa wakimvizia simba aliyekuwa akila watu pale stesheni. Ryall akashika zamu, usingizi ukampitia. Simba akapanda, behewa likainama kwa uzito wake, na mlango wa kusukuma ukajifunga nyuma yake. Akamkanyaga Parenti aliyelala sakafuni, akamkamata Ryall na kutoka naye dirishani.

Hiyo ndiyo hadithi inayosimuliwa siku zote. Lakini kuna kipande ambacho watu hukipita haraka. Huebner alipokimbilia mlango wa pili alikuta umeshikiliwa kwa upande wa pili. Walioushika ni vibarua wa Kihindi waliokuwa chumba cha jirani, nao wakitetemeka kama yeye. Jina la Ryall tunalo. La hata kibarua mmoja wa usiku ule hatuna!

Reli ile ilianza kujengwa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 wakafia kazini. Simba wawili wa Tsavo waliouawa Desemba 1898 wamehifadhiwa makumbusho huko Chicago, wanatazamwa mpaka leo. Walioliwa, hata idadi yao inabishaniwa: Patterson, aliyewaua simba hao, alifikia kutaja 135, na utafiti wa mwaka 2009 ukakadiria kama 35.

Nasema haya kwa sababu kwetu simba si hadithi ya zamani. Agosti 2021, jirani na Ngorongoro, watoto watatu wa shule waliuawa na simba. Walikuwa wametoka shule, wakaenda porini kutafuta mifugo iliyopotea. Mimi mwandishi niliisoma habari ile, nikasikitika, nikaendelea na kazi zangu. Nikiwa nimesimama mbele ya behewa la Ryall nilijaribu kukumbuka majina yao. Sikukumbuka hata moja.

Behewa libaki pale, ni historia yetu sote. Ila nikipata mgeni wa kumpeleka, nitaanza kumweleza habari za wale walioshika mlango.

Mnasemaje wadau?