Gurudumu Lenye Meno na Majina Yake

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya kutafsiri ni kazi ya vitabu vya dini, mashairi na hadithi tu, na kwamba chuma na mafuta ya karakana havina haja ya mkalimani. Dhana hiyo si kweli. Chuma nacho husafiri kutoka nchi hata nchi, na kila kifikapo huulizwa jina. Asipopatikana mtu wa kukipa jina la kufaa, watu wa mahali pale hukitumia pasipo kukifahamu, na kikiharibika humngoja mgeni aje kukitengeneza. Katika insha hii tutafuata historia ya chombo kimoja tu, yaani lile gurudumu lenye meno ambalo katika motokaa na mashine za viwanda sisi huliita gia. Tutaona jinsi mataifa mbalimbali yalivyolipa jina, na jambo gani sisi tusemao Kiswahili twaweza kujifunza kwao.

Kwanza yafaa tukijue chombo chenyewe. Twaa magurudumu mawili, moja lina meno 20 na la pili lina meno 40, uyaweke hivi kwamba meno ya moja yaingie katika mapengo ya mwenziwe. Ukilizungusha lile dogo mara mbili, lile kubwa litazunguka mara moja tu, tena litazunguka kwa upande wa kinyume. Mwendo umepungua kwa nusu, lakini nguvu ya kuzungusha imeongezeka mara mbili, ukiacha kiasi kidogo kinachopotea kwa ajili ya msuguano. Hiyo ndiyo siri yake yote. Gurudumu lenye meno hutoa mwendo likapokea nguvu, au hutoa nguvu likapokea mwendo. Ni biashara ya haki, wala haina faida ya bure.

Siri hii ni ya kale sana. Mwaka 1900 wapiga mbizi wa Kigiriki waliokuwa wakitafuta sifongo karibu na kisiwa cha Antikythera waliona chini ya bahari mabaki ya merikebu ya zamani. Mwaka uliofuata, miongoni mwa sanamu na vyombo vilivyopandishwa juu, palitokea donge la shaba lililoliwa na maji ya chumvi. Wataalamu walipolichunguza walikuta ndani yake magurudumu yenye meno madogo madogo, yaliyochongwa kwa ustadi mkubwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Magurudumu yapatayo 30 yamesalia. Moja lilikuwa na meno 223, na hiyo ndiyo idadi ya miezi ya mwandamo ambayo, ikiisha, kupatwa kwa jua na kwa mwezi huanza tena kufuata mpango ule ule. Basi chombo hicho kilikuwa cha kuhesabu mienendo ya jua na mwezi. Aliyekitengeneza hakuacha jina lake, lakini meno yalihesabika, na hesabu ikasema habari yote. Hesabu ya meno haihitaji mkalimani. Majina ndiyo yanayomhitaji.

Sasa na tutazame majina hayo. Mwandishi wa Kirumi aitwaye Vitruvius, aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza jinsi kinu cha kusaga nafaka kinavyoweza kuendeshwa kwa maji ya mto. Gurudumu la ndani ya kinu hicho alilitaja kwa maneno ya Kilatini *tympanum dentatum*, maana yake ngoma yenye meno. Warumi walipoona kitu kipya cha mviringo walikumbuka ngoma zao. Waarabu nao hutumia neno *tirs*, ambalo asili yake ni ngao, kwa kuwa ngao ya askari ilikuwa ya mviringo. Hivyo kila taifa lilichungulia kwanza ndani ya nyumba yake, likatafuta chombo kinachofanana na kile kigeni, likakiazima jina.

Mataifa mengine hayakutazama vyombo vya nyumbani, bali yalitazama kinywa cha mwanadamu. Wajerumani husema *Zahnrad*, yaani gurudumu la jino. Wafaransa husema *roue dentée*, gurudumu lenye meno. Wajapani husema *haguruma*, na Wachina *chilun*, na yote mawili maana yake ni jino na gurudumu yaliyounganishwa. Waajemi husema *charkhdandeh*, gurudumu na jino. Tena ndugu wa neno hilo la Kiajemi *charkh* tunaye hapa kwetu siku nyingi: ndiye cherehe, lile gurudumu la kunolea visu. Ni ajabu kuona jinsi watu wa mbali sana, wasiosemezana, walivyokutana katika fikira moja. Sababu yake si ngumu. Aonaye mapengo na vichwa vilivyopangwa ukingoni mwa gurudumu, yakiingiana kama taya mbili, hawezi kukosa kukumbuka meno.

Warusi walikwenda njia nyingine. Gurudumu dogo la namna hii huitwa kwao *shesternya*, neno lililotokana na tarakimu sita, kwa sababu hapo kale lilikuwa na meno sita. Siku hizi laweza kuwa na meno 15 au 30, na bado huitwa kwa ile sita ya zamani. Jambo hili latufundisha ya kwamba jina halilazimiki kueleza kitu chote. Jina likiisha kuzoewa, watu huliamini hata kama hesabu yake imepitwa na wakati.

Lakini kupata jina ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kuyavusha maarifa yenyewe. Heron wa Alexandria, aliyeishi katika karne ya kwanza baada ya Kristo, aliandika kwa Kigiriki kitabu juu ya mitambo. Humo alieleza mtambo uitwao *barulkos*, maana yake kivuta-mizigo, uliokuwa na mfululizo wa magurudumu yenye meno. Kwa mtambo huo alionyesha jinsi uzito wa talanta 1,000 unavyoweza kuinuliwa kwa nguvu ya talanta 5 tu. Kitabu hicho cha Kigiriki kilipotea, isipokuwa vipande vichache. Kama habari zingeishia hapo, maarifa hayo mengi yangalikufa pamoja na karatasi zake. Lakini katika karne ya 9 mtaalamu mmoja aliyezaliwa Baalbek, jina lake Qusta ibn Luqa, alikuwa amekwisha kukitafsiri kwa Kiarabu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mfaransa Carra de Vaux alikitoa kutoka Kiarabu akakitia katika Kifaransa. Leo mtu akitaka kukisoma kitabu cha Heron kwa ukamilifu, hana budi kupitia mlango wa Kiarabu. Mwenye mali alipoteza mali yake, na jirani aliyeitafsiri ndiye aliyeihifadhi.

Mfano wa pili watoka China. Mwaka 1627 palitolewa katika mji wa Beijing kitabu chenye michoro ya mitambo ya ajabu ya nchi za magharibi. Kilitungwa na watu wawili: Johann Schreck, padri Mjerumani wa shirika la Wajesuiti, na Wang Zheng, Mchina aliyekuwa afisa wa serikali. Schreck alisimulia, na Wang Zheng akaandika kwa Kichina na kuchora. Tukumbuke ya kuwa Wachina hawakuwa wajinga wa magurudumu yenye meno, maana walikuwa nayo tangu kale. Kwa hiyo Wang Zheng hakupokea kila kitu kama mtoto apokeavyo. Alichagua. Mitambo isiyokuwa na msaada kwa maisha ya watu, au iliyokuwa na gharama kubwa mno, au iliyokuwa vigumu kutengenezwa, aliiacha nje ya kitabu. Huyu ndiye mtafsiri wa kweli: si mtu wa kubeba maneno kama mpagazi abebavyo mzigo, bali mtu ajuaye mzigo una nini na utamfaa nani.

Sasa turudi kwa neno tulilo nalo. *Gia* tumelichukua kwa Waingereza, nao asili ya neno lao waliipata kwa watu wa Skandinavia, ambako maana yake ilikuwa vifaa, silaha au mavazi. Kwa hiyo kwa Mwingereza neno hilo moja lina maana nyingi. Laweza kuwa vifaa vya kazi. Laweza kuwa gurudumu lenye meno. Tena laweza kuwa ile hali ya mwendo ambayo dereva huichagua kwa mkono: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mataifa mengine hutenga maana hizi. Mfaransa akilitaja gurudumu hutaja meno, lakini dereva wa Kifaransa akibadilisha hali ya mwendo husema anabadilisha *vitesse*, yaani kasi. Mjerumani naye husema *Gang*, yaani mwendo. Mwitaliani husema *marcia*, kama mwendo wa askari. Mrusi husema *peredacha*, yaani kupokezana.

Hapa ndipo mtafsiri mzembe anapoanguka. Akiona neno la Kiingereza akaandika gia kila mahali, msomaji wake atachanganyikiwa. Fundi aambiwe, "Ongeza gia." Je, aongeze gurudumu jingine, au abadilishe hali ya mwendo? Tena motokaa inapopanda mlima, hutiwa gia ya kwanza. Mtu mmoja aweza kuiita gia ndogo, kwa sababu mwendo wake ni mdogo. Mwingine aweza kuiita gia kubwa, kwa sababu nguvu yake ni kubwa. Wote wawili wana sababu, lakini wakiwa karakana moja, au wakisoma kitabu kimoja cha maelezo, mmoja atamwelewa mwenziwe kinyume. Katika mtihani kosa la namna hiyo hupoteza alama chache. Katika mteremko wenye kona laweza kupoteza roho za watu.

Wako wasemao ya kuwa matatizo haya yaonyesha kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Historia ya lugha yetu yakanusha neno hilo. Mabaharia wa pwani walichukua kwa Waarabu neno usukani, wakaliweka nyuma ya jahazi, na motokaa ilipofika wajukuu wao walilihamisha likakaa mbele ya dereva, wala halikuhitaji ruhusa ya mtu. Kwa Wareno tulipokea roda, ambalo kwao ni gurudumu, nasi tukalitumia kwa kapi ya kuvutia kamba. Tukapokea na parafujo pia. Jino tunalo wenyewe, nalo tumekwisha kulitia katika msumeno na katika kitana. Kamati ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1930 ili kusanifisha lugha, na Baraza la Kiswahili la Tanzania likaundwa mwaka 1967. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi mlango umefunguliwa. Kinachobaki ni watu wa kuingia.

Hata hivyo tusijidanganye. Neno la asili si lazima liwe bora, wala neno la kuazima si lazima liwe aibu. Gia limekwisha kuwa Kiswahili. Fundi asiyejua neno moja la Kiingereza hulitumia kila siku. Hakuna faida ya kulifukuza. Lililo muhimu ni kulipa mipaka. Tukitaka kusema habari ya chombo, na tuseme gurudumu lenye meno. Tukitaka kusema habari ya hali ya mwendo, na tuseme gia ya kwanza, gia ya pili, gia ya kurudi nyuma. Tukitaka kusema habari ya hesabu, na tuseme uwiano wa meno, kama 20 kwa 40. Maneno matatu kwa mambo matatu, na kila moja lina kazi yake.

Ninyi vijana wa sekondari mna wajibu wa pekee katika jambo hili. Mnasomeshwa fizikia kwa Kiingereza, lakini nje ya lango la shule yuko fundi mwenye mikono hodari ambaye hajapata kuelezwa kwa nini kazi yake yafanyika hivyo. Yeye anajua lipi ligusane na lipi. Ninyi mnajua hesabu yake. Mkikaa kila mmoja upande wake, maarifa yatakuwa kama magurudumu mawili yasiyogusana: hili lazunguka, na lile limesimama. Mwendeeni, mwulizeni anaviitaje vyombo vyake, nanyi mwelezeni uwiano kwa Kiswahili kilicho wazi. Msipoweza kumweleza, rudini darasani, maana itakuwa dhahiri kwamba somo bado hamjalielewa.